Kiwanja cha Msikiti na Fungu la Binti

 

Wasomaji wa kurasa hizi za familia wamezoea kusoma habari za malezi na ndoa. Leo naomba nizungumze juu ya ardhi, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi ardhi ndiyo mali pekee ya maana inayoachwa na marehemu, na ndiyo inayogombanisha ndugu kuliko mali nyingine yoyote. Nitakayoyaeleza yalitokea katika msikiti wetu, huku pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, na sehemu ya makosa yake ni yangu mwenyewe. Wahusika wameniruhusu kuyaeleza bila kutaja majina.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Nilikabidhiwa kazi hiyo miaka sita iliyopita, muda mfupi baada ya kuhitimu chuo cha Kiislamu. Makabidhiano yalifanyika baada ya swala ya Isha. Katibu aliyenitangulia alinipa muhuri, daftari la mihutasari na sanduku la bati lililojaa stakabadhi za saruji na mabati. Nilitia sahihi nikafunga sanduku. Sikuuliza hati ya kiwanja iko wapi, wala hakuna aliyeniambia kuwa haipo.

Haja ya kuuliza ilikuja pale wapima ardhi walipofika mtaani kwa kazi ya urasimishaji. Mtaa wetu, kama mitaa mingi ya jiji hili, ulijengwa kabla ya kupimwa. Watu walinunua vipande vya mashamba ya minazi na mihogo kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya mjumbe, wakajenga. Sasa kila mwenye eneo alitakiwa asimame mpakani, majirani zake wakiri, kisha jina lake liandikwe. Walipofika msikitini nilikuwa nimesimama mlangoni tayari. Kijana mwenye fomu akaniuliza, "Mmiliki nani?" Nikamjibu, "Msikiti." Akainua macho akasema kwa adabu, "Ustadhi, msikiti hauweki sahihi. Niandikie jina la mtu au la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa."

Maneno yale yalinifedhehesha, lakini yalikuwa ya kweli. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tulicho nacho sisi ni haki ya kumiliki na kuitumia kwa masharti, na hati hutolewa kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99. Haki hiyo haina budi kuwa mikononi mwa mtu, au chombo ambacho sheria inakihesabu kama mtu. Jengo la msikiti si mtu. Kamati isiyosajiliwa nayo, ijapokuwa ina muhuri na mwenyekiti, si mtu mbele ya sheria.

Usiku ule kamati ilikutana. Mjumbe mmoja akashauri tuandike jina la mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema anayeaminika. Mwingine akataja jina la imamu. Nilipinga yote mawili, na katika hilo nadhani nilikuwa sahihi. Mwenyekiti leo yu hai na anajua kuwa kiwanja si chake. Kesho akifariki, watoto wake watakuta hati yenye jina la baba yao, nayo itaingia katika orodha ya mirathi. Wakiwa wacha Mungu watairudisha. Wakiwa na madeni, au mmoja wao akiwa na tamaa, msikiti utaingia mahakamani kudai ardhi ambayo hati yake inasema ni ya mwingine. Tukakubaliana tuanze kusajili bodi ya wadhamini, nami nikaagizwa nitafute karatasi yoyote inayoonyesha tulivyoipata ardhi.

Nilifungua lile sanduku la bati. Chini kabisa, ndani ya bahasha, nilikuta ukurasa mmoja wa daftari la shule. Ili ueleweke, sina budi kwanza kumtaja aliyetoa kiwanja.

Marehemu mzee wetu alikuwa na shamba dogo hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati nyumba zilikuwa chache. Aliwaona jirani zake wakitembea mbali kwa ajili ya Ijumaa. Siku moja, baada ya swala ya Alasiri, aliwakusanya watu akawaonyesha kwa mkono: kuanzia barabarani hadi kwenye mnazi, hapa ni pa Mwenyezi Mungu. Watu wakaitikia takbiri, wakachimba msingi wiki iliyofuata. Hakuna aliyeandika neno. Lakini mzee alikuwa mzima wa afya, alikabidhi kwa hiari yake, na watu waliswali humo yeye mwenyewe akiwa safu ya mbele kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa elimu niliyosomeshwa, wakfu ule ulitimia.

Ule ukurasa wa daftari haukuhusu eneo hilo. Ulihusu eneo la nyuma, kuanzia kwenye mnazi hadi kwenye uchochoro, lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, ambapo leo pana chumba cha madrasa na fremu mbili za duka zinazotupatia posho ya imamu. Uliandikwa baada ya mzee kufariki, na mwandishi wake alikuwa mtoto wake wa kiume wa kwanza. Alisema kuwa ametoa eneo la nyuma kwa msikiti, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Basi hali ikawa hivi: eneo ambalo hakuna anayelitilia shaka halikuwa na karatasi, na eneo lenye karatasi ndilo lililokuja kututia katika mtihani.

Siku tatu baada ya wapima kupita, binti pekee wa marehemu alikuja kwangu. Ni mama wa umri wa miaka sitini na kitu, mjane, anauza vitumbua asubuhi karibu na kituo cha daladala. Alinikuta barazani pa msikiti akanisalimu, akasema: "Mwanangu, nimesikia mnaandikisha. Kule mbele alitoa baba, Allah amlipe. Kule nyuma baba hakutoa. Alitoa kaka, na kaka hakuniuliza. Nami nina fungu langu."

Nilimwambia nitalifikisha kwenye kamati, na nililifikisha. Hapo ndipo linapoanza kosa langu.

Katika kamati maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja aliuliza kama mwanamke huyu anataka kumdai Mwenyezi Mungu. Mweka hazina alisema kuwa tukimsikiliza yeye, kesho kila mjukuu wa kila aliyetoa tofali atakuja. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wao, nikaleta hoja niliyoiona kuwa ya kumaliza mjadala. Niliwaeleza kuwa ipo sheria ya mwaka 1971 inayoweka ukomo wa madai, na kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Sisi tumekaa katika eneo lile kwa zaidi ya miaka 20. Basi hata akienda kwenye baraza, hana njia. Wajumbe walifurahi. Nikaagizwa niandike barua, nikaiandika usiku huohuo kwa lugha ya kiofisi, nikaipiga muhuri, na nisingekuwa mkweli kama nisingekiri kuwa niliona fahari kwa namna ilivyopangika.

Asubuhi nilimpelekea nyumbani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, kisha akanirudishia. "Macho yangu hayaoni maandishi madogo, mwanangu. Nisomee."

Nikasimama ukumbini kwake nikaisoma. Barua iliyokuwa na nguvu juu ya meza yangu ilikuwa nzito mdomoni. Nilipofika kwenye maneno ya miaka 12 nilitamani kuyaruka, lakini niliyasoma. Aliponyamaza kwa muda alisema: "Hiyo miaka 12 mnayoihesabu, nilikuwa naswali humo humo. Tarawehe zote. Niliona haya kusimama mbele ya watu nikasema nyumba ya Allah imekalia haki yangu. Nilidhani siku moja mtaniuliza." Hakulia wala hakunipandishia sauti. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilirudi nyumbani nikiwa na barua mfukoni, maana sikuiacha. Usiku sikulala vizuri. Nilivitoa vitabu vyangu vya chuoni, si kwa ajili ya kutafuta hoja, bali kwa sababu nilijua tayari nilichokuwa nimekisoma humo nikakisahau nilipokihitaji.

Jambo la kwanza ni msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Katika mapokezi yaliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, ardhi ile ilikuwa ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walipoulizwa bei walitaka kuitoa bure, lakini Mtume (s.a.w.) hakukubali kuipokea kama zawadi kutoka kwao, akainunua. Tazama ni nani aliyekuwa akiomba ardhi, na kwa kazi gani. Hata hivyo haki ya wenye ardhi ilitangulia msingi wa msikiti. Jambo la pili ni ile hadithi mashuhuri, waliyoafikiana Bukhari na Muslim, inayomuonya mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma kuwa atavishwa shingoni ardhi hiyo hadi tabaka saba. Sijaona popote ambapo misikiti imetolewa katika onyo hilo. Na jambo la tatu ni aya ya 7 ya Suratun Nisaa, ambamo Mwenyezi Mungu amewathibitishia wanawake fungu katika yale waliyoyaacha wazazi wawili na jamaa, yawe machache au mengi, na akaliita fungu lililofaradhiwa.

Sheria ya ukomo ina hekima yake. Serikali haiwezi kuacha kesi zisizokwisha, mashahidi wakiwa wamekufa na karatasi zimeliwa na mchwa. Lakini ukomo ule unafunga mlango wa mahakama, haufungi mlango wa Akhera. Tulivyosomeshwa, haki ya mtu haigeuki kuwa halali ya mwingine kwa kupita siku tu. Baadaye nilijua kuwa hata mbele ya mahakama hoja yangu ilikuwa na tundu. Wakili mmoja anayeswali kwetu alinieleza kuwa aliyeingia katika ardhi kwa ruhusa ya jamaa wa mwenyewe hahesabiwi sawa na yule aliyeingia kwa nguvu na kukaa waziwazi kinyume na mwenye mali. Nilikuwa nimeandika barua ya kumtisha mama wa watu kwa sheria niliyoijua nusu.

Nilimwendea imamu baada ya Alfajiri nikamweleza yote. Alinisikiliza, akasema maneno mafupi: "Sisi ndio tunaowafundisha watu mirathi kila Jumamosi." Akaitisha kikao kingine.

Kikao hicho kilikuwa kirefu. Tulimwita fundi mzee aliyechimba msingi wa kwanza, akathibitisha mpaka wa mnazi, na kisiki chake tukakionyesha. Tulimpigia simu mtoto wa kiume wa pili wa marehemu, anayeishi Tanga. Alisema hakuwahi kuulizwa na kaka yake, lakini yeye fungu lake analiweka wakfu kwa radhi yake, na akatuma maandishi. Kaka mkubwa alikwisha kufariki miaka michache nyuma, na fungu lake alilolitoa akiwa hai na mwenye akili timamu lilibaki la msikiti. Katika madhehebu yetu ya Shafii, fungu ambalo halijagawanywa linaweza kuwekwa wakfu. Lisilowezekana ni mtu kutoa fungu la mwenzake.

Kisha tukapiga hesabu ubaoni, ubao uleule wa madrasa. Mzee aliacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Tukaligawa eneo la nyuma mafungu 40. Mke ana thumni, yaani mafungu 5. Yaliyobaki ni 35: kila mwanamume 14, na binti 7. Mama yao naye alifariki baadaye, akiwa hana mume wala wazazi, na warithi wake ni watoto hao hao watatu. Mafungu yake 5 yakagawanyika 2 na 2 kwa wanaume, na 1 kwa binti. Jumla ya binti ikawa mafungu 8 katika 40, yaani sehemu moja katika tano. Eneo zima lina mita za mraba 300. Haki yake ni mita za mraba 60.

Mweka hazina, yule aliyekuwa mkali zaidi katika kikao cha kwanza, ndiye aliyeuliza swali lililotunyamazisha: "Na kodi za fremu za miaka yote hii?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaamua mama aulizwe kila kitu: kama anataka ardhi yenyewe, au thamani yake, na kuhusu kodi.

Tulikwenda watatu, mimi, imamu na mweka hazina. Kabla ya yote nilimuomba radhi kwa barua ile. Akajibu kuwa alikwisha kuisahau, jambo ambalo sikuliamini, lakini nilimshukuru kwa kulisema. Juu ya kodi alisema amezisamehe, kwa kuwa zilimlipa imamu aliyewasomesha wajukuu zake. Juu ya ardhi alisema hawezi kuisamehe. "Hicho ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki kwa jina langu." Alitaka thamani yake, kwa kuwa kipande chenyewe kipo chini ya madrasa, na hakutaka chumba kivunjwe.

Tulipata makadirio kutoka kwa watu watatu wanaojua bei za mtaani, tukachukua ya kati: shilingi 70,000 kwa mita moja ya mraba. Jumla ikawa shilingi 4,200,000. Imamu alikataa tuchukue katika sadaka zilizokwisha kukusanywa kwa ajili ya paa, akasema aliyetoa kwa nia ya paa apewe paa. Siku ya Ijumaa alipanda mimbari akaeleza waziwazi kuwa msikiti una deni la haki ya mtu, na anayetaka kulichangia achangie akijua ni la nini. Siku ile zilipatikana shilingi 1,200,000. Zilizobaki tulizilipa kwa miezi kumi, shilingi 300,000 kila mwezi, kutoka katika kodi za fremu. Katika miezi hiyo jamaa walimhudumia imamu kwa zamu, huyu mchele, huyu mafuta, huyu nauli. Ipo miezi alipungukiwa, naye hakulalamika mbele yetu.

Najua msomaji anangoja kusikia kuwa mama yule alipopokea fedha alizirudisha kwa msikiti. Hata wazee wetu wengine walilitarajia hilo, na mmoja alilidokeza mbele yake. Hakuzirudisha. Alinunua mabati, nyumba yake ilikuwa ikivuja. Nami nasema alifanya vyema, maana haki ikitolewa kwa matarajio kuwa itarudishwa, huwa bado haijatolewa. Siku ya malipo ya mwisho aliweka alama ya dole gumba mbele ya mashahidi wanne, wawili kati yao wanawe, kwamba fungu lake sasa ni la msikiti. Jioni yake alikuja kuswali Magharibi kama kawaida.

Sasa kiwanja kina hati ya wakfu iliyoandikwa, yenye mipaka, majina ya waliotoa na mashahidi. Maombi ya kusajili bodi ya wadhamini yamepelekwa RITA, na jina litakaloandikwa kwenye fomu za upimaji ni la bodi, si la mtu.

Kutokana na mtihani huo, naomba niwausie ndugu zangu mambo machache.

La kwanza ni kuandika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya 282 ya Suratul Baqara tuandike deni na tushuhudishe, na deni mara nyingi ni dogo kuliko kiwanja. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimuuliza Mtume (s.a.w.) la kufanya, na kutokana na ushauri aliopewa akaifunga asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yawaendee wahitaji. Aliweka na masharti ya msimamizi wake. Basi nawe unapotoa ardhi, andika mipaka yake, shabaha yake na nani atakayeisimamia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, toa ungali hai na mzima, na familia yako ijue. Anayeusia wakfu baada ya kufa kwake hana ruhusa ya kuvuka theluthi ya mali bila ya ridhaa ya warithi, kama tunavyojua katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Na kabla ya kutoa, tenganisha kilicho chako na cha mkeo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Na Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambalo lilihusu talaka, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Usije ukamtolea Mwenyezi Mungu jasho la mtu mwingine.

La tatu, fungueni mirathi mapema. Laiti familia ile ingefungua mirathi mzee alipofariki, kaka asingedhani kuwa ukubwa wake ndio umiliki. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kushughulikia mirathi ya Muislamu inayofuata sheria ya Kiislamu, na humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi wa vyote. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Na katika kikao cha familia, dada zenu waitwe wakae, waulizwe kwa majina. Sheria ya Ardhi yenyewe inatamka kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Ikitokea mzozo, anzeni kwa suluhu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata limebakiwa na kazi ya kusuluhisha, na uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na ngazi zilizo juu yake.

La nne ni kwa kamati za misikiti na madrasa. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sisi wa Bara njia iliyo karibu nasi ni bodi ya wadhamini, ama yetu wenyewe, ama ya taasisi tunayoiamini. Bodi iliyosajiliwa haifi wala hairithiwi, mradi tuwe tunapeleka taarifa wadhamini wanapobadilika na kutimiza masharti ya hati. Fungueni masanduku yenu ya bati wiki hii. Msingoje mpima awaulize.

Na la mwisho linanihusu mimi na wenzangu tuliopata kusoma. Kamati itatukimbilia sisi inapotaka maneno ya kumnyamazisha mtu. Kabla ya kuyaandika, tujiulize kama tungeweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mtu huyo, ukumbini kwake, naye akitungojea tumalize ili atukaribishe chai. Barua ile ninayo bado. Nimeiweka ndani ya sanduku la bati, juu ya hati ya wakfu, ili katibu atakayekuja baada yangu aikute kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na watoto wake waliotangulia, azikubali sadaka za waliotoa, na atuepushe na kujenga nyumba zake juu ya haki za waja wake. Wabillahi tawfiq.